Wajukuu wa bibi mmoja, Ngoingwa: mmoja mwenyeji, mmoja mgeni

Mwanzoni mwa Mei 2025 nilisimama mbele ya lango la ploti moja mtaani Ngoingwa, Thika, nikiwa na wasichana wawili, mabegi manne, mkeka na ndoo ya samaki wakavu iliyonukisha behewa zima la treni tangu Miritini. Mama mwenye nyumba alitupokea vizuri. Alituketisha, akatuletea chai ya maziwa, kisha akatoa daftari lake na kuomba vitambulisho vya wapangaji.

Binti yangu alitoa kipande chake. Mpwa wangu akatoa pasipoti ya Tanzania. Mama aliigeuza kurasa moja moja, akanitazama.

"Huyu naye ni wa wapi?"

"Wa Pemba," nikamjibu. "Ni mtoto wa dada yangu."

"Pemba si ni huko huko Mombasa?"

Nilicheka, lakini sikupata jibu la haraka. Dada yangu aliolewa Wete zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Kwa mama yetu, anayeishi Mji wa Kale, hakuna mjukuu wa Kenya wala wa Tanzania. Wote ni wajukuu zake, na kila Idi huhesabu sahani zao pamoja. Mbele ya daftari lile, hata hivyo, walikuwa watu wa namna mbili. Mama akafunga pasipoti, akairudisha kwa mikono miwili na kusema kwa upole: "Basi nyumba tuiandike kwa jina la huyu mwenye kipande, tusije tukapata shida."

Hatukuona ubaya, tukakubali. Makala haya ni kuhusu yaliyofuata baada ya kukubali.

Kwa msomaji asiyefika huko, Ngoingwa ni mtaa wa nyumba za kupanga ulio pembeni mwa mji wa Thika, upande wa barabara ya kwenda Mang'u, katika Kaunti ya Kiambu. Ni mtaa uliotulia. Kuna nyumba za familia zenye ua na maua, na kati yake yamechomoza majumba ya vyumba vya bedsita, ambavyo wapangaji wake wengi ni vijana. Thika ilijulikana zamani kwa viwanda na mananasi. Siku hizi ni mji wa vyuo pia. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kilichopata hati yake 2011 kina makao makuu hapo, Gretsa iko hapo, na ukishuka kidogo kwa barabara kuu unakuta JKUAT pale Juja. Tangu barabara hiyo kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi 2012, eneo lote kutoka Ruiru hadi Thika limekuwa kama kitongoji kirefu cha Nairobi, na wanafunzi ni sehemu kubwa ya wanaolipa kodi humo.

Baadhi yao si Wakenya. Katika matatu ya namba 237 utasikia Kinyarwanda, Kisomali, Kiarabu cha Juba na Kifaransa cha Wakongo. Pan African University, chuo cha Umoja wa Afrika, kimeweka taasisi yake ya sayansi na teknolojia pale pale JKUAT, na wanafunzi wake hutoka pembe zote za bara hili. Vyuo vya kibinafsi navyo vina sababu ya kuwatafuta wageni. Kuanzia 2016 serikali ya Kenya ilikuwa ikipeleka baadhi ya wanafunzi inaowalipia katika vyuo hivyo. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 ukakomesha mpango huo kwa wanafunzi wapya. Pengo hilo lazima lizibwe na mtu, na mwanafunzi wa kutoka nje anayelipa karo yote mwenyewe ni mtu anayekaribishwa kwa mikono miwili.

Mikono hiyo humkaribisha mpaka kwenye dirisha la karo. Akishavuka dirisha hilo, anaachwa ajitafutie njia.

Sheria yenyewe haina kificho. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haombi viza kuingia Kenya, na hata idhini ya kielektroniki ya kusafiri iliyoanza Januari 2024 haimhusu Mtanzania. Mpwa wangu alivuka bahari kutoka Pemba hadi Tanga, akapanda basi, akagongewa muhuri mpakani Horohoro na Lunga Lunga, na kabla ya jua kutua alikuwa ameshavuka feri ya Likoni. Hadi hapo Jumuiya ilifanya kazi yake. Lakini muhuri wa mgeni haumruhusu mtu kusoma. Mwanafunzi anatakiwa awe na pasi ya mwanafunzi. Tena Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inataka kila mgeni atakayekaa zaidi ya miezi mitatu ajiandikishe apewe kadi ya mgeni. Kwa hiyo tangu siku ya muhuri, saa imeanza kuhesabu siku tisini.

Maombi ya pasi hufanywa kwa mtandao, na hayasogei bila barua ya chuo. Chuo cha mpwa wangu, ambacho sitakitaja maana shida hii si ya chuo kimoja, kilichukua zaidi ya wiki sita kuitoa barua hiyo. Kila alipokwenda ofisini aliambiwa arudi Alhamisi. Mitihani ya kwanza ikafika, karo ilikuwa imelipwa yote, na barua bado haijatoka.

Katika muda huo tuliishi kwa jina la binti yangu. Mkataba wa nyumba ulikuwa wake. Mita ya stima ya tokeni ilisoma jina lake. Laini ya simu ambayo mpwa wangu alitumia kupokelea M-Pesa iliandikishwa kwa kipande cha binti yangu, "kwa muda tu," na pesa za masomo zilizotoka kwa baba yake Wete zilipita humo zote. Aliponunua mtungi wa gesi, risiti iliandikwa jina la dada yake. Siku moja aliniambia kwa simu, bila kulalamika: "Mjomba, mimi hapa Thika hata sijafika bado."

Nyumbani watu walimcheka aliposema hivyo. Mimi sikucheka. Wale wawili walipendana tangu utotoni, na bado niliona kitu kinaingia kati yao. Binti yangu alikasirika alipoona deni la muda wa maongezi ambalo hakulikopa yeye. Mpwa wangu alianza kuomba ruhusa kwa mambo ambayo hayakuhitaji ruhusa, kama kukaribisha rafiki au kusogeza kitanda. Chumba cha shilingi 7,000 kwa mwezi walichangia nusu kwa nusu, lakini mmoja alikuwa mwenye nyumba na mwingine mgeni wake.

Nisiseme uongo, Ngoingwa yenyewe haikuwatesa. Siku za kwanza mpwa wangu aliingia dukani akasema, "Naomba sukari nusu," muuzaji akadhani anaomba bure. Alipojifunza kusema "nipatie," alihisi ametukana mtu. Aliwaamkia wazee wa mtaani kwa shikamoo, wengine wakaduwaa, wengine wakafurahi kama walioamkiwa na mjukuu. Nazi aliipata sokoni mjini kwa bei iliyomfanya airudishe mahali pake, na mbaazi za Jumapili zikapikwa kwa maji na kitunguu. Julai baridi ilipomshika akakohoa wiki nzima, mama mwenye nyumba ndiye aliyeleta blanketi nzito na uji wa wimbi, akimwita "mami." Swala ya Ijumaa waliifuata mjini Thika, na huko wakakutana na wenzao wa Lamu, Garissa na Moroni. Watu wa Thika walikuwa wema. Palipokosekana wema ni penye makaratasi, na makaratasi hayajui uji.

Ubaya wake tuliuona wazi Julai 7, 2025. Siku ile ya Saba Saba polisi walifunga barabara kuu za kuingia Nairobi, barabara ya Thika ikiwamo. Barua ya chuo ilikuwa imetoka hatimaye, maombi yameingia, na mpwa wangu alitakiwa afike Nyayo House wiki hiyo. Binti yangu, mwenye kipande mfukoni, alitoka kwenda kununua mkate. Mpwa wangu alikaa ndani siku nzima, mlango umefungwa. Alikuwa na pasipoti na karatasi ya maombi iliyochapwa saibani, basi. Sijui kama askari yeyote angemsumbua. Huenda asingemsumbua. Lakini msichana wa miaka kumi na tisa, mbali na mamake, hawezi kujaribu bahati yake kwenye kizuizi cha polisi siku watu wanakufa barabarani. Dada yangu alipiga simu mara kumi na moja siku hiyo. Mara ya mwisho aliniuliza: "Ndugu yangu, umemwandikisha au hujamwandikisha?" Nilikuwa sina la kumjibu.

Sasa tuitazame picha kubwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, ikiahidi watu watembee huru, na wanafunzi wamo katika ahadi hiyo. Mei 20, 2017, wakuu wa nchi walikutana Dar es Salaam wakatangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Maana yake ni kwamba masomo na vyeti vya upande mmoja vitambuliwe upande wa pili, na mwanafunzi ahame bila kuanza upya. Upande wa vyeti kazi imefanyika, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lililoko Kampala linastahili shukrani. Cheti cha mpwa wangu kutoka skuli ya Pemba kilikubaliwa bila mabishano. Karatasi zake za shule zilipita haraka kuliko yeye mwenyewe.

Wazee wetu waliyaona mambo tofauti. Kuanzia 1963 hadi 1970 palikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja chenye matawi matatu. Kijana wa Mombasa aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka sheria akaenda Dar es Salaam, na aliyetaka uhandisi akaja Nairobi. Mipaka ilikuwapo, na nchi zilikuwa huru tayari, ila mwanafunzi alikuwa wa chuo, na chuo kilimpa kitanda. Leo tumeondoa viza na tumeongeza wanachama hadi Kongo na Somalia, lakini kitanda na karatasi tumemwachia mtoto.

Wako watakaosema kila nchi ina haki ya kujua nani yuko ndani yake. Ni kweli, wala sipingi. Tanzania nayo inalinda mlango wake. Mwisho wa Julai 2025 ilitoa agizo la kuwazuia wasio raia kufanya aina kadhaa za biashara ndogo, na Wakenya wengi walipandwa na hasira mitandaoni. Wiki ile bodaboda mmoja wa stejini alimwambia mpwa wangu, kwa utani wenye mwiba, kwamba sasa zamu yake ya kurudi kwao imefika. Serikali mbili zikivutana juu ya biashara, anayesikia maneno ni mtoto aliyebeba vitabu. Ndiyo sababu karatasi zake zinatakiwa ziwe safi na mapema. Kadi mkononi inamlinda yeye, na inailinda nchi pia, maana nchi inakuwa inamjua.

Tena sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuhubiriwa juu ya karatasi. Wamakonde wa Kwale waliishi Kenya miongo mingi kabla ya kupewa vitambulisho 2017. Wapemba wa Kwale na Kilifi, ambao babu zao walikuja kwa mashua wakivua, walisubiri hadi 2023 kutambuliwa kuwa raia wa Kenya. Tumeona maana ya mtu kuzaa, kuvua samaki, kulipa kodi ya soko na kuzika wazazi wake mahali ambapo jina lake halimo. Watu hao nao walinunua laini za simu kwa majina ya majirani. Tusiruhusu jambo lile lile liitwe la kawaida kwa sababu tu limempata mwanafunzi, na kwa sababu kwake ni la miezi michache.

Ya mpwa wangu yalikuwa nafuu. Alikuwa na dada chumbani na mjomba wa kusumbua ofisi. Fikiria kijana wa Bujumbura au Goma anayeshuka Thika bila kumjua mtu. Jina la kuazima kwake halipo. Atamwendea dalali, atalipa amana ya chumba ambacho dalali hana funguo zake, au atamlipa mtu wa saibani "amsaidie" kupata pasi. Na kijana wa Somalia ana mlima mrefu zaidi. Nchi yake imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya tangu Machi 2024, lakini Kenya ilipowaondolea Waafrika wengi idhini ya kielektroniki mwaka uliofuata, Somalia iliachwa nje pamoja na Libya. Nao wote hawawezi kufanya kibarua wajikimu, kwa kuwa pasi ya mwanafunzi ni ya kusoma, si ya kuajiriwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu amenyimwa jembe, na ya tatu bado hajaonyeshwa pa kulala.

Kinachotakiwa si kikubwa. Kwanza, chuo kinachopokea karo ya mgeni kitoe barua ya pasi siku ile ile kinapotoa barua ya kumkubali, kabla hajaondoka kwao. Karatasi zote mbili hutoka ofisi moja. Pili, chuo kimtafutie chumba kwa muhula wa kwanza, au kiwe na orodha ya wenye nyumba kinaowajua, ili mkataba uandikwe kwa pasipoti ya mwanafunzi na barua ya chuo. Mama wa Ngoingwa hakuwa na nia mbaya. Aliogopa karatasi asiyoijua, na hakuna aliyemweleza. Tatu, Idara ya Uhamiaji itenge siku chache mwanzoni mwa kila muhula ije Thika kuwaandikisha wageni. Huduma Centre ipo mjini hapo. Kupeleka maafisa wachache Thika ni rahisi kuliko kupeleka mamia ya vijana Nyayo House, kila mmoja na siku yake ya kukosa masomo.

La nne ni letu. Mpwa wangu alipita Mombasa na mizigo yake akaendelea kilomita mia tano mbele kutafuta kozi aliyoitaka. Alipita karibu na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho mizizi yake ni MIOME, taasisi iliyofunguliwa 1951 kwa ajili ya vijana Waislamu wa Afrika Mashariki yote, na Sultani wa Zanzibar na Aga Khan wakiwa miongoni mwa waliochangia. Wakati huo kijana wa Pemba aliyetaka ufundi alikuja kwetu. Na kabla ya hapo, Lamu ilimpokea kijana kutoka Ngazija, Habib Swaleh, naye akaja kuijenga Riyadha, ambayo hadi leo wanafunzi huijia kutoka mbali. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo ilivyokuwa kwa Lamu. Leo anayepona ni Ngoingwa, na ni halali yake, maana ilijenga vyumba. Viongozi wetu wa kaunti za Pwani, pamoja na vyuo vya Mombasa na Kilifi, watuambie wana kozi gani na mabweni gani ya kumfanya mtoto wa Wete au wa Tanga ashukie kwetu.

Wakati tukisubiri, wenetu walioko Thika, Juja na Ruiru wana vyama vya wanafunzi wa Pwani. Naviomba viwafungulie mlango wa Zanzibar, Tanga na Ngazija bila kuuliza pasipoti. Ampokee mtu stejini, amwonyeshe msikiti, amwambie ofisi ipi na siku ipi. Mzazi wa Pemba akipata namba moja ya simu ya kuaminika, usingizi wake utarudi.

Pasi ya mpwa wangu ilitoka Agosti, na kadi ikafuata baadaye. Siku alipoipata alikwenda kwanza kununua laini ya simu, kisha akabisha kwa mama mwenye nyumba na kumwomba daftari. Mama alivaa miwani, akaitazama kadi pande zote mbili, akaandika jina la pili chini ya lile la kwanza, herufi kwa herufi, akiuliza kama Wete huandikwa kwa t moja.

Jioni ile binti yangu alinitumia picha ya risiti ya kodi. Ina majina mawili. Niliipeleka kwa mama Mji wa Kale, akaishika simu mbali na macho, akasoma, akasema: "Si ndivyo walivyo siku zote?"